Ndoa ya AG: Karatasi Kwanza, Nywele Baadaye

Bibi harusi wa Nairobi hujua mapema atasukwa na nani Kenyatta Market, na kamati yake hujua kibanda kitakachotoa nyama choma. Kinachosahaulika ni notisi ya ndoa ya AG, yaani ndoa ya kiserikali inayofungwa kwa msajili wa ndoa, chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu.

1. Hesabu siku 21. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka notisi ya maandishi kwa msajili, isiyopungua siku 21 wala kuzidi miezi mitatu kabla ya kufunga ndoa. Kwa harusi ya Desemba 20, Novemba 29 ndiyo mwisho, na kabla ya Septemba 20 ni mapema mno. Pale sokoni wasusi watatu wanne hukuzingira, kila mmoja na upande wake wa kichwa, ukaondoka na rasta kabla ya saa ya chakula. Kwa msajili hakuna wa kukuharakishia hivyo.

2. Maombi ni kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Andaa vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na picha za pasipoti za nyote wawili. Kisha linganisha majina herufi kwa herufi: kitambulisho kikisema Wanjiku na cheti cha kuzaliwa kiseme Wanjiko, anza kurekebisha leo, si wiki ya harusi. Kijana wa saiba anaweza kukuskania stakabadhi, lakini akaunti na nenosiri viwe vyako.

3. Uliwahi kuoa au kuolewa? Leta amri ya mwisho ya talaka kutoka mahakamani, au cheti cha kifo cha mwenzio. “Tuliachana kitambo” si stakabadhi. Notisi hutangazwa, na mwenye pingamizi anaweza kuliwasilisha kwa maandishi. Kumbuka pia kwamba ndoa ya AG ni ya mume mmoja na mke mmoja.

4. Mashahidi wawili, wote wakiwa hawajalewa. Wawe wametimiza miaka 18, waje na vitambulisho. Sheria inamkataa shahidi aliyelewa, kwa hivyo yule rafiki anayeanza sherehe asubuhi mpe kazi ya kusimamia nyama.

5. Mnaoana kanisani? Muulize pasta, kwa heshima lakini bila aibu, kama ana leseni ya kufungisha ndoa. Si kila mwenye kipaza sauti anayo. Waislamu wana utaratibu wao. Waliofanya ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) au mila nyingine nao wasibweteke: ndoa ya kimila inapaswa kuarifiwa kwa msajili ndani ya miezi mitatu baada ya sherehe kukamilika. Picha za shuka na mbuzi, hata ziwe nzuri vipi, si cheti.

6. Muda umebana kweli? Kipo kibali maalumu, chenye ada kubwa zaidi. Kiombe ukiwa na sababu, si kwa kuwa mlichelewa kuamka.

7. Msusi wekea nafasi baada ya msajili kukupa tarehe, si kinyume. Rasta za harusi iliyoahirishwa zitabidi zifumuliwe, na pesa hazirudi.

Na ada zote lipia eCitizen. Akikutokea mtu nje ya Sheria House, pale Harambee Avenue, akuambie siku 21 zinaweza kupungua kwa chai kidogo, mpite kama wanavyopitwa wanaokuvuta mkono langoni Kenyatta Market.