Makampuni Hutafutaje Maarifa Mapya? Somo la Mkonge

Mtu ateremkaye kutoka Werugha kwenda Mwatate huyaona mashamba ya mkonge yametanda huko chini, mistari kwa mistari. Wengi wetu twaujua mkonge kwa kamba na magunia yake. Leo tuutazame kama mwalimu, kwa maana historia yake yaonyesha jinsi kampuni ipatavyo maarifa, na jinsi inavyoangamia ikiacha kuyatafuta.

Kwanza, maarifa huweza kutoka mbali. Mkonge si mmea wa asili ya nchi zetu. Mwaka 1893 Daktari Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, kwa ajili ya kampuni yake iliyolima katika pwani ya Tanganyika. Iliyofika ikiwa hai ni 62 tu. Hata hivyo, miche hiyo michache ilitunzwa ikazaana, na kutokana nayo yakatokea mashamba makubwa ya Tanga.

Pili, kuleta kitu si kukijua. Mmea wa kigeni hauna budi kuchunguzwa katika udongo wa hapa. Wataalamu wa Amani, katika milima ya Usambara, waliichanganya mimea ya jamii ya mkonge wakapata chotara aitwaye 11648. Mkonge wa kawaida hutoa majani kama 200 hadi 250 katika maisha yake. Chotara huyo huweza kufikisha 600. Lakini yeye hushikwa upesi na ugonjwa utiao majani milia kama ya punda milia. Basi jibu moja lilizaa swali jingine, na hivyo ndivyo elimu ilivyo.

Tatu, anayetosheka na ujuzi wa jana hupatwa na msiba. Mwaka 1964 Tanganyika ilivuna zaidi ya tani 230,000 za nyuzi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 mavuno yalikuwa yameshuka hata karibu tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, na mojawapo ni kamba za plastiki, ambazo ziliuzwa kwa bei rahisi. Korona, yaani viwanda vya kuchambulia majani, zikafungwa moja baada ya moja, na maelfu ya wafanyakazi wakakosa mshahara.

Ndipo lilipoulizwa swali ambalo lingalifaa kuulizwa zamani: je, jani lina nini zaidi ya uzi? Katika kilo 100 za majani, nyuzi ni kama kilo 4 tu. Zilizosalia zilikuwa zikitupwa, zikioza na kuchafua mito. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliyajaribu mabaki hayo katika vyombo vidogo vya maabara, wakaona kuwa yakioza mahali pasipo hewa hutoa gesi iwezayo kuwaka. Kampuni ya Katani ya Tanga, kwa msaada wa shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, ikajenga mtambo huko Hale. Ulipofika mwaka 2008, takataka za korona zilikuwa zikitoa umeme.

Angalieni utaratibu wake. Wataalamu walianza na chombo kidogo, si na mtambo mkubwa. Kampuni ilipokea ujuzi wa chuo kwa kuwa ilikuwa na watu wake walioufahamu mkonge. Asiye na ujuzi wowote hawezi hata kuupokea wa mwenzake.

Njia hii si ya matajiri peke yao. Chama cha wakulima wa kabichi na nyanya hapa Werugha chaweza kutenga tuta moja la kujaribia mbegu mpya, kumwuliza bwana shamba, na kuandika tarehe, gharama na mavuno. Jaribio lisiloandikwa husahauliwa, na mwakani gharama hulipwa tena. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na maarifa ni mali.