Floraidi Haiondoki kwa Kuchemsha Maji

Katika kata nyingi zinazouzunguka Mlima Meru, maji ya chemchemi hutoka maangavu, hayana harufu wala tope. Hata hivyo, mengi yamebeba floraidi iliyoyeyuka kutoka katika miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani limependekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Vipo vyanzo vya ukanda huu vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa. Mtoto anayeyanywa tangu uchanga huota meno ya kudumu yenye madoa ya kahawia, kwa kuwa jino huharibika likiwa bado ndani ya ufizi. Kiwango kikiwa kikubwa zaidi, mifupa nayo hudhurika na viungo hukakamaa.

Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu, lakini floraidi hubaki sufuriani. Mvuke ukishapanda, maji yaliyosalia huwa na floraidi nyingi zaidi kwa kila lita.

Njia iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, wilayani Arumeru, ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, hupondwa kuwa chembechembe, kisha hujazwa ndani ya ndoo ya kuchujia. Tabia ile ile ya mfupa kunasa floraidi, inayomdhuru binadamu, ndiyo inayosafisha maji. Mkaa unaofaa ni mweusi au wa kijivu. Ulioungua ukawa mweupe umepoteza nguvu. Usioiva huyatia maji harufu mbaya. Maji yakishachujwa ndipo yachemshwe.

Ugumu ni kwamba mkaa hushiba, na ukishashiba maji hayabadiliki rangi wala ladha. Ni kipimo pekee kinachoonyesha kuwa wakati wa kuubadilisha umefika.

Mitambo ya utando huondoa floraidi pamoja na mabaki mengi ya viuatilifu, ila huhitaji umeme, na maji machafu inayoyatoa huwa na floraidi iliyokolea. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alituzwa mwaka 2015 kwa chujio linalounganisha mchanga na chembe za nano, zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa mahali husika. Chujio la namna hiyo haliwezi kutengenezwa kabla maji ya mahali hapo hayajapimwa.

Magadi ya kulainishia maharage nayo mara nyingi yana floraidi. Kaya inayochuja maji kisha ikayatia magadi chunguni huirudisha floraidi iliyokwisha kuitoa.