Fundisho la Mwezi: Oksijeni si Mjumbe wa Mauti

Mwezi huu twataka kufundishana neno moja lihusulo mwili, kwa kuwa ujinga wa neno hilo umewapeleka wengi kaburini kabla ya wakati wao. Ni habari ya mgonjwa ashindwaye kupumua, na ya dawa apewayo hospitalini, iitwayo oksijeni. Katika mitaa mingi husemwa hivi: "Akiisha kutiwa mpira puani, amekwisha kufa, chongeni sanduku." Kwa sababu ya usemi huo wako wazazi waliomkatalia mwuguzi, tena wako waliomchukua mtoto kitandani usiku wakamrudisha nyumbani. Basi, na tuitafute kweli.

1. Oksijeni ni kitu gani?

Katika Mwanzo, mlango wa 2, twafundishwa kwamba mwili wa mtu wa kwanza ulikuwa udongo tu, usio na uhai, mpaka alipopokea pumzi kwa Muumba wake. Kila tuvutapo hewa twaupokea wema huo tena. Lakini hewa hiyo si kitu kimoja. Ukiigawanya mafungu 100, mafungu 78 ni naitrojeni, 21 ni oksijeni, na lile lililobaki ni hewa za namna nyingine. Oksijeni ndiyo tuihitajiyo. Mapafu huipokea na kuitia katika damu, na damu huipeleka katika ubongo, moyo, na viungo vyote. Kaa la moto likifunikwa chunguni huzimika. Na mwili ukikosa oksijeni huzimika vivyo hivyo.

Carl Wilhelm Scheele, mtengeneza dawa wa Uswidi, ndiye aliyeipata kwanza. Joseph Priestley wa Uingereza, aliyekuwa mhubiri, aliipata mwaka 1774 pasipo kujua kazi ya mwenziwe, akatangulia kuitangaza. Lakini hao hawakuiumba. Waliitambua tu ile iliyokuwako katika hewa tangu mwanzo. Basi mtu asiseme kwamba mgonjwa hutiwa kitu kigeni. Hupewa kile kile alichokivuta siku zote za maisha yake, ila kwa wingi zaidi.

2. Kwa nini mgonjwa huipungukiwa?

Mtu aliyeshikwa na nimonia, yaani homa ya mapafu, vifuko vidogo vya mapafu yake hujaa usaha na maji. Huvuta hewa kwa nguvu zake zote, lakini oksijeni haipati njia ya kufika katika damu. Hali hiyo yaweza kuwapata pia wenye pumu kali, watoto waliozaliwa kabla ya miezi yao kutimia, na wale waliougua sana ugonjwa wa Korona uliotokea mwishoni mwa mwaka 2019. Nimonia ni adui mkubwa wa watoto. Shirika la Afya Duniani limeandika kwamba katika mwaka 2019 iliwaua watoto zaidi ya 740,000 wasiotimiza miaka 5.

Hapa yatupasa kufahamu neno moja kuu. Dawa ya sindano ndiyo inayoviua vijidudu, lakini haiwezi kuimaliza kazi hiyo kwa saa moja; yataka siku kadhaa. Oksijeni haiviui vijidudu. Humshika mgonjwa asife wakati dawa inapofanya kazi yake. Ni kama mtu aliyeanguka mtoni: anayemshika mkono hajamtoa majini bado, lakini akimwachilia, mtumbwi utamkuta amekwisha kuzama.

Dalili za hatari ni hizi: mtoto avutapo pumzi, sehemu ya chini ya kifua huingia ndani, mianzi ya pua hutanuka, huguna kila atoapo pumzi, ulimi na midomo huwa na rangi ya buluu, hushindwa kunyonya au kunywa. Tena hesabuni pumzi zake kwa dakika moja nzima akiwa ametulia. Mtoto asiyetimiza miezi 2, zikifika 60. Wa miezi 2 mpaka 11, zikifika 50. Wa mwaka 1 mpaka 5, zikifika 40, anapumua mbio kupita kiasi. Mwenye dalili hizi asingojeshwe hata asubuhi.

3. Je, ni kweli kwamba oksijeni huua?

Twajua kwamba usemi ule haukutoka pasipo sababu. Watu wameona kwa macho yao kwamba wengi waliotiwa mpira walikufa. Lakini na tupime jambo hili. Mchungaji aitwapo usiku kumpa mgonjwa Meza ya Bwana, jirani husema, "Basi, huyu amekwisha." Na mara nyingi mgonjwa huyo hufa kweli. Je, mchungaji ndiye aliyemwua? Hasha! Aliitwa akiwa amechelewa, mgonjwa alipokuwa mlangoni pa mauti. Ndivyo ilivyo oksijeni: hupewa walio taabani, na wengi wao hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Anayekufa akiwa na mpira puani ameuawa na ugonjwa, wala si na mpira.

Ushahidi uko. Katika nchi ya Papua New Guinea, waliko Walutheri wengi kama sisi, hospitali 5 zilipewa mashine za oksijeni pamoja na vipimo vya kuwachunguza wagonjwa. Hapo kwanza, katika kila watoto 1,000 walioingia kwa nimonia, karibu 50 walikufa. Baadaye walikufa kama 32. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2008. Kama oksijeni ingekuwa inaua, vifo vingaliongezeka. Lakini vilipungua kupita theluthi moja.

4. Ni dawa yenye kipimo

Tusivuke mpaka tukasema kwamba kila mgonjwa apewe. Miaka ya 1940 na 1950, katika nchi za ng'ambo, watoto wengi waliozaliwa kabla ya wakati walipofuka macho kwa kupewa oksijeni kupita kiasi. Kwa hiyo siku hizi hutumika kipimo kidogo kinachobana kidole na kuonyesha oksijeni iliyomo katika damu, pasipo kumchoma mgonjwa. Asili yake ni kazi ya Takuo Aoyagi wa Japani, aliyeitangaza mwaka 1974. Mtu mzima wa afya huonyesha 95 mpaka 100. Mgonjwa aliye chini ya 90 huhitaji oksijeni. Basi jamaa wasiiondoe mipira, wala wasiiongeze kasi ya oksijeni kwa shauri lao wenyewe. Tena oksijeni yenyewe haiwaki, lakini huuchochea moto sana. Mtu asiingie karibu nayo na sigara wala taa ya moto, wala asipake mafuta kwenye koki ya mtungi.

5. Hutoka wapi?

Mtungi mkubwa huchukua lita kama 6,800. Mtu mzima apewaye lita 5 kwa dakika huumaliza kwa saa 23 hivi. Aliyezidiwa, apewaye lita 10, huumaliza kwa saa 11 na kidogo. Hesabuni, ndugu zangu: wagonjwa wawili wa namna hiyo humaliza mitungi minne kwa siku moja na usiku wake. Iko na mashine inayovuta hewa ya chumbani na kuipitisha katika chembe za madini zinazoizuia naitrojeni. Hutoa oksijeni pasipo kuchoka, lakini umeme ukikatika husimama.

Wala tusidhani kwamba upungufu ni wa hospitali za shamba peke yake. Januari 2021 oksijeni iliwaishia hospitalini katika mji mkubwa wa Manaus nchini Brazili. Na Aprili na Mei mwaka huo huo, katika miji ya Uhindi, jamaa za wagonjwa walizunguka njiani wakitafuta mitungi. Mwaka 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia kwamba mataifa yaongeze upatikanaji wa dawa hii. Azimio ni jema. Lakini azimio halijazi mtungi.

6. Kazi ya usharika

Katika Injili ya Marko, mlango wa 2, twasoma habari za watu wanne waliomchukua mwenye kupooza. Njia ilipozibwa na umati hawakurudi nyumbani. Walipanda juu, wakaifungua dari. Yesu aliiona imani yao katika kazi ya mikono yao. Basi na sisi tufanye hivi:

Kwanza, walimu wafundishe kweli hii katika mafundisho ya kina mama na ya Kipaimara, usemi ule mbaya ukome.

Pili, kila mtaa uweke shauri mapema: nani mwenye gari au pikipiki ya kumpeleka mgonjwa usiku, na nauli itatoka katika fungu gani.

Tatu, tutoapo sadaka kwa ajili ya hospitali, tusifurahie mashine mpya peke yake. Mashine isiyo na fundi, chujio safi, wala jenereta yenye mafuta, ni sanduku tupu.

Nne, tuombe. Lakini asiwepo mtu wa kuyatenga maombi na dawa, kana kwamba ni mabwana wawili. Aombaye kando ya kitanda chenye mpira humwomba Yeye yule aliyeiweka oksijeni katika hewa.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini oksijeni haitoshi pasipo dawa, na dawa pengine haitoshi pasipo oksijeni?
2. Utamjibu nini jirani asemaye kwamba mpira huua?
3. Taja dalili 4 za mtoto aliye katika hatari.
4. Katika mtaa wako, mtoto akizidiwa usiku wa leo, ni nani wanne watakaomchukua?