Mkao wa Mwili na Meza ya Kazi katika Kutengeneza Modeli za Karatasi

Maumbo yenye nyuso nyingi hueleweka upesi mwanafunzi anapoyatengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Lakini umbo lenye nyuso 20 za pembetatu, likikatwa katika karatasi moja, lina mikunjo 19 na maungio 11 ya gundi. Kazi hiyo huchukua muda mrefu, na mara nyingi mwanafunzi huiacha kwa sababu ya maumivu ya shingo. Chanzo cha maumivu hayo huelezwa na kanuni ya wenzo.

Kichwa cha mtu mzima kina tungamo la kilogramu 5 hivi, yaani uzito wa nyutoni 50. Shingo ni wenzo ambao egemeo lake liko chini yake. Misuli ya nyuma ndiyo izuiayo kichwa kisianguke mbele. Momenti ya uzito huo hulingana na saini ya pembe iliyopo kati ya shingo na mstari wa wima. Saini ya nyuzi 15 ni 0.26, ya nyuzi 30 ni 0.50, ya nyuzi 60 ni 0.87. Kwa hiyo anayeinama nyuzi 60 huitwisha misuli yake mzigo unaozidi mara tatu ule wa nyuzi 15. Tena, misuli iliyokazwa bila kulegezwa hubana mishipa midogo ya damu, oksijeni hupungua, na uchovu huingia.

Yafaa basi kazi iinuliwe, si kichwa kiinamishwe. Kwa kukunja na kubandika, ubao uwekwe juu ya dawati, na ukingo wake wa mbali uinuliwe kidogo kwa vitabu, ili kazi iwe sentimita 5 hadi 10 juu ya kiwiko. Miguu ikanyage sakafu. Asiyeifikia apewe kibao.

Kukata kwahitaji kani kubwa zaidi, hivyo kufanyike mahali tambarare, usawa wa kiwiko. Kisu kiwe kikali. Makali butu yana eneo kubwa, kanieneo hupungua, mkataji hulazimika kukandamiza zaidi, na kisu kikiteleza hujeruhi. Mkono ulioshika karatasi usikae mbele ya kisu.

Anayetumia mkono wa kulia apate mwanga kutoka kushoto, ili kivuli cha mkono kisifunike mstari. Taa ndogo ikisogezwa kutoka mita 1 hadi nusu mita, mwangaza juu ya karatasi huongezeka mara 4. Kila baada ya dakika 20 hivi, mwanafunzi ainuke na kutazama mbali, misuli ya macho ipate kulegea.

Zoezi: Wanafunzi wawili wawili wapimane pembe ya shingo kwa timazi na kipimapembe, kwanza bila ubao, kisha wakiwa na ubao. Watafute saini za pembe hizo na kukokotoa uwiano wa momenti mbili hizo.