SOMO LA WIKI: APOLO ALIKUBALI KUFUNDISHWA
Soma Matendo 18:24-26

Apolo alikuwa msomi kutoka Iskanderia, lakini alijua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila, washona mahema, walimkaribisha kwao wakamfundisha. Hakukataa.

Mimi nilikataa kwanza. Tukijenga bwawa la mchanga na wamama wa mwethya kule Makueni, nilipiga hesabu zangu za chuo nikasema tusichimbe sana, tubane matumizi. Mama mmoja ambaye hakumaliza shule ya msingi akaniambia, "Pasta, tusipofika kwenye mwamba, maji yatapita chini ya ukuta." Nikamwambia hesabu ni hesabu. Usiku sikulala. Asubuhi nikamwomba msamaha, nikashika jembe.

Darasani kuna walimu, na mtoni pia wako. Swali: wiki hii, ni nani asiye na cheti utakayemwambia, "Nifundishe"?