Sikio Litoalo Usaha

Wanafunzi wangu wa elimu ya viumbe wameniuliza mara nyingi kama ni kweli kwamba mtoto mwenye usaha sikioni hupona mwenyewe akikua. Jibu langu ni hili: si jambo la kungojea.

Nyuma ya ngoma ya sikio kipo chumba kidogo chenye hewa, nacho kimeunganishwa na koo kwa mrija mwembamba. Mrija wa mtoto ni mfupi, tena umelala kuliko wa mtu mzima. Kwa hiyo akipatwa na mafua, vijidudu hupanda kwa urahisi. Usaha ukijaa, ngoma hutoboka. Tundu lisipoziba, na usaha ukaendelea kutoka majuma mawili au zaidi, ugonjwa umekuwa sugu. Mara nyingi maumivu huwa yamekwisha, na hapo ndipo watu hudanganyika.

Matibabu yana mambo mawili. La kwanza ni kukausha sikio. Sokota kitambaa safi cha pamba kiwe kama utambi. Uuingize sikioni polepole, ungoje hata ulowe, kisha uutupe na kuingiza mwingine, mpaka utambi utoke mkavu. Fanya hivyo mara tatu kila siku. Usichokore kwa kijiti. La pili ni matone aliyoagiza daktari, kama siprofloksasini, kwa majuma mawili. Kwa ugonjwa huu matone hayo hushinda vidonge, kwani hufika penye usaha wenyewe. Lakini sikio likijaa usaha hayapiti, ndiyo sababu kukausha hutangulia.

Maji yasiingie sikioni. Usitie mafuta, wala masalio ya chupa ya jirani: matone mengine hudhuru sikio la ndani ikiwa ngoma imetoboka.

Watu wazima hutibiwa vivyo hivyo. Tundu likikataa kuziba, daktari bingwa aweza kulitia kiraka cha utando uliotolewa mwilini mwa mgonjwa mwenyewe.

Ukiona uvimbe nyuma ya sikio, homa na kichwa kuuma sana, kizunguzungu, au uso kwenda upande, mpeleke mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo, maana vijidudu vyaweza kufika ubongoni.

Nasi walimu tukumbuke: mwanafunzi asiyeitika aitwapo huenda si mkaidi. Tumketishe mbele, tuwaite wazazi wake, aende akatazamwe masikio kabla hatujamwadhibu.