Wimbo Kama Chombo cha Kufundishia: Mfano wa Nyimbo za Nakajima Miyuki wa Japani

Utangulizi

Walimu wengi wanaoanza kazi huutumia wimbo kuwaamsha watoto waliochoka mchana. Matumizi hayo si mabaya, lakini ni madogo. Wimbo uliotungwa vizuri ni fasihi kamili: una wazo, una picha, una mpangilio wa sauti, na una mtu anayesema na mwenziwe. Katika somo hili tutazitazama nyimbo chache za Nakajima Miyuki, mwimbaji wa Japani ajitungiaye nyimbo zake, maneno na lahani pia. Tumemchagua mtunzi wa mbali kwa makusudi. Wimbo ambao hatuyajui maneno yake hutulazimisha kuuliza umejengwaje, badala ya kuuimba kwa mazoea tu.

Shabaha ya somo

Baada ya somo hili, mwalimu mwanafunzi aweze: (a) kueleza jinsi mtunzi anavyotumia kitu cha kawaida kubebea wazo kubwa, (b) kuandaa kipindi kimoja cha Kiswahili kwa kutumia wimbo, (c) kupima uhusiano uliopo kati ya wimbo na hali ya mtoto anayeusikiliza.

Mtunzi na lugha yake

Nakajima alizaliwa mwaka 1952 mjini Sapporo, katika kisiwa cha Hokkaido kilichoko kaskazini mwa Japani. Sahani yake ya kwanza ilitoka mwaka 1975, na mwaka huohuo wimbo wake Jidai, yaani "Zama", ulipata tuzo kuu katika tamasha la dunia la nyimbo pendwa lililofanyika Tokyo. Tangu hapo nyimbo zake zimeshika nafasi ya kwanza katika orodha ya mauzo ya Oricon katika miongo minne mfululizo, tangu ile ya 1970 hadi ile ya 2000. Kuanzia mwaka 1979 hadi 1987 aliendesha kipindi cha redio cha usiku wa manane, akisoma barua za wasikilizaji na kuzijibu. Jambo hilo tulikumbuke, kwa maana litatusaidia mbele.

Kuhusu lugha, mwalimu atafurahi kuona kwamba Kijapani kina irabu tano kama Kiswahili, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Hata sauti n ifungayo silabi huhesabiwa peke yake, kama m katika neno mtu. Kwa hiyo mtoto aliyekwisha kujifunza kuhesabu mizani ataweza kupiga makofi mawili kwa i-to, na sita kwa chi-jo-o-no-ho-shi, ingawa hajui maana yake.

Kitu kinachobeba wazo

Ito, maana yake "Uzi", ni wimbo uliotoka mwaka 1992, nao huimbwa sana arusini nchini Japani. Mtunzi anawafananisha watu wawili na nyuzi za kitambaa: mmoja ni mtande, mwingine ni mshindio. Kitambaa wanachokifuma huenda siku moja kikamtia joto mtu mwingine kabisa. Tuangalie kwamba mtunzi hahubiri juu ya ushirikiano. Anatuonyesha kitambaa, akatuachia sisi kufikiri. Hapa mwalimu ana kifaa tayari: kipande cha kitambaa kilichochakaa, au ukili wa mkeka. Watoto wachomoe uzi mmoja mmoja waone kinachotokea.

Chijo no Hoshi, yaani "Nyota za Ardhini", ulitoka mwaka 2000 ukiwa wimbo wa kufungulia mfululizo wa vipindi vya televisheni ya NHK, vilivyosimulia juhudi za mafundi na wafanyakazi wasiojulikana. Swali la wimbo ni hili: mbona watu hutazama juu tu, ilhali nyota ziko hapa chini? Tarehe 31 Desemba 2002, Nakajima aliuimba akiwa ndani ya njia ya chini ya ardhi ya mitambo ya umeme ya Kurobe. Katika ujenzi wa bwawa la huko, lililokamilika mwaka 1963, wafanyakazi 171 walipoteza maisha. Mahali pa kuimbia palieleza maana ya wimbo kuliko maelezo yoyote. Januari 2003, zaidi ya miaka miwili baada ya kutoka, wimbo huo ulifika nafasi ya kwanza.

Barua, na chenza bovu

Sasa tufike kwenye nyimbo mbili zinazomgusa mwalimu mwenyewe. Wa kwanza ni Faito, wa mwaka 1983. Neno hilo Wajapani wamelikopa kutoka Kiingereza na kulitia irabu mwishoni, kama sisi tulivyofanya kwa tiketi na benki; nao hulitumia kumwambia mtu ajikaze. Wimbo unaanza na barua: msichana anaeleza kwamba amenyimwa kazi kwa sababu elimu yake iliishia shule ya kati. Tukumbuke kuwa Japani elimu ya lazima ni miaka 9, na shule ya kati ndiyo mwisho wake. Mtunzi anazitazama hata herufi za barua, jinsi zinavyotetemeka. Baadaye anawaleta samaki wadogo wanaoogelea dhidi ya mkondo wa mto. Msichana huyo hapewi pole, wala haambiwi kwamba mambo yatakuwa mepesi. Anasikilizwa kwanza, kisha anatiwa moyo.

Wa pili ni Sejo, "Hali ya Ulimwengu", wa mwaka 1978. Haukutungwa kwa ajili ya shule, lakini Machi 1981 ulitumiwa katika mchezo wa televisheni kuhusu mwalimu aitwaye Kinpachi. Katika mchezo huo kijana mmoja ameondolewa katika shule yake ya zamani kwa hoja ya "chenza bovu": moja likioza, sanduku zima litaoza. Sisi tuna methali ileile: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mwalimu Kinpachi anaikataa hoja hiyo, akisisitiza kwamba walimu hawazalishi machenza, wanalea binadamu. Polisi wanapowakamata vijana, sauti za watu zinazimwa, na wimbo unasikika peke yake. Mtazamaji analazimika kuzitazama nyuso za watoto ambao wakubwa walikwisha kuwahukumu.

Hapa ndipo penye uzito wa somo letu. Methali ya samaki ni ya kweli kwa samaki. Mwalimu anayeitumia kwa mtoto mtoro au mkorofi amekwisha kuamua kwamba mtoto huyo hafundishiki, na mtoto huijua hukumu hiyo kabla haijatamkwa. Methali ni urithi wetu, lakini hatuna budi kuuliza kila moja inamhusu nani na inaishia wapi. Swali hilo watoto wa darasa la sita wanaliweza.

Hatua za kipindi (dakika 40)

1. Watoto wasikilize wimbo mara mbili bila maelezo. Waseme wanahisi nini: huzuni, ushujaa, au utulivu? (Dakika 8)
2. Mwalimu asimulie habari ya wimbo kwa Kiswahili chepesi, na kuonyesha kifaa. (Dakika 7)
3. Majadiliano: kitu hiki kinawakilisha nini? (Dakika 8)
4. Kwa vikundi, watoto watunge ubeti mmoja wenye mizani 8 kwa kila kipande, juu ya mtu anayetumikia kijiji bila kutajwa: mchota maji, fundi baiskeli, mkunga. (Dakika 12)
5. Vikundi viwili viimbe beti zao kwa lahani wanayoipenda. Vingine viimbe kipindi kijacho. (Dakika 5)

Tahadhari

Usilazimishe tafsiri ifuate lahani ya Kijapani. Utaharibu lugha zote mbili. Nyimbo maarufu za mtunzi huyu kama Wakareuta (1977) na Akujo (1981) zinahusu mapenzi ya watu wazima, hazifai darasa la msingi. Tena, unapotumia wimbo wa barua, usimwite mtoto kueleza shida za kwao mbele ya wenzake. Mpe karatasi aandike, uisome wewe peke yako, na umjibu.

Maswali ya mazoezi

1. Kwa nini mtunzi wa Ito alichagua kitambaa badala ya kamba? Jadili.
2. Chagua methali tatu zinazotumiwa kuwahukumu watoto shuleni. Eleza mahali ambapo kila moja inakoma kuwa kweli.
3. Andaa kipindi cha dakika 40 kwa kutumia wimbo wa mahali unapofanyia mazoezi ya kufundisha. Onyesha shabaha, vifaa na hatua.
4. Katika darasa unalolifundisha, ni mtoto gani anayeitwa "samaki aliyeoza"? Bila kumtaja jina, andika mambo matatu anayoyaweza.